Dirisha la Bekari na Kikohozi cha Unga

Mwende mwanangu, mama yangu mdogo,

Kabla ya salamu, ujue kwamba barua hii inaandikwa na mwanamume mwenye kifua cha chuma. Tangu nizaliwe sijakohoa hata siku moja. Unga wa bekari umeniingia puani miaka na miaka, vumbi la Garissa limenijaa mpaka nikipiga chafya natoa tofali, lakini kukohoa? Mimi? Muulize mtu yeyote.

Usimuulize mama yako.

Basi, ni uongo. Hata sijamaliza ukurasa na nimeshakudanganya, na kesho unaondoka, kwa hiyo hatuna nafasi ya wewe kunigundua polepole kama ulivyozoea. Nimekohoa, mwanangu. Nimekohoa mpaka nikashika ukuta. Wewe uliambiwa baba ana jipu mahali pasipotajwa, ndiyo maana anakaa upande mmoja kama kuku anayeatamia. Hakukuwa na jipu. Zilikuwa sindano za kifua kikuu. Zilipoisha zikafuata tembe, na hizo bado nazimeza, ziko ndani ya kile kikopo cha hamira ambacho nilikukataza usikifungue.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia nyuma ya nyumba, jua bado lipo. Nataka nimalize kabla ya kafyu, maana taa ikiwaka tu askari watapiga kelele, na mwandiko wangu hata mchana hausomeki. Mimi ni wa darasa la tatu, unajua, na hilo la tatu lenyewe nililikimbia. Ndani namsikia mama yako akikufungia vitu na kukuhubiria. Mambo ya kufua, ya kusali, ya kuwakwepa vijana wenye baiskeli mpya, hayo yote nimemwachia yeye, ana kipaji. Mimi nina jambo moja tu, na kila nikilianza mdomo wangu unageukia mzaha. Utanivumilia.

Unamkumbuka Dubow?

Najua unamkumbuka. Ndiye aliyekuwa akikanda unga upande wa kushoto, yule mrefu mwembamba, Msomali asiye na nyumba mjini, aliyelala pale pale bekari, aliyekuita walaal kama dada yake wa tumbo moja. Wewe ulikuwa ukituletea chai jioni kabla hatujafungiwa, naye alikuwa akikuwekea ile kona ya mkate iliyoungua, maana nyote wawili mlikuwa na upumbavu ule ule wa kupenda mkate ulioungua. Siku uliyoniuliza yuko wapi, nikakujibu amerudi kwao kuchunga ngamia. Uliniangalia sana. Nadhani hukuniamini, lakini ulikuwa na adabu kuliko baba yako.

Hakuwa na ngamia hata mmoja, Dubow. Nilimfukuza mimi.

Ngoja nikueleze kazi yetu ilivyokuwa, maana wewe uliiona mlangoni tu. Mkate huokwa usiku ili watu waule asubuhi. Kafyu nayo inataka kila mtu awe ndani jua likizama. Basi tajiri, Bwana Awadh, akaenda kwa wakubwa akapatana nao: sisi tuingie bekari kabla ya magharibi, mlango ufungwe kwa nje, tufunguliwe kukipambazuka. Na mwanga usionekane. Wakati ule risasi zilikuwa hazibishi hodi, kila mtu anaogopa kila mtu, askari wakiona mwanga wanadhani ni shifta, wale waasi wa porini, shifta wakiona mwanga wanadhani ni askari, na sisi katikati tuna mikate. Nikachukua nyundo, nikapigilia magunia kwenye madirisha yote, misumari mirefu ile ya paa. Nilijivuna sana. Nilisimama nje nikasema hata mbu akitaka kuingia ataomba ruhusa.

Ndani tulikuwa mimi nyapara, Mutua wa tanuri, Dubow, na wengine wawili watatu waliokuja na kuondoka. Moto unawaka, unga unaruka, hewa ile ile inazunguka kutoka pua hii kwenda pua ile mpaka alfajiri. Na kila mtu anakohoa. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yetu, mwanangu. Tunakiita kikohozi cha unga. Fundi asiyekohoa tunamwambia hajaanza kazi. Mgeni akikohoa mara ya kwanza tunampigia makofi tunamwambia karibu chamani. Kwa hiyo Dubow alipoanza, nilimpigia makofi mimi mwenyewe.

Alikohoa msimu ule wote. Akawa anakohoa wakati sisi tumenyamaza. Nikampa jina Redio, kwa sababu, nilisema, ndiye pekee anayetangaza usiku kucha bila betri. Mutua alicheka mpaka akaangusha mikate. Jina likashika. Hata Bwana Awadh akawa anasema, "Mwite Redio abebe gunia." Na Dubow alicheka pia, hiyo ndiyo inayoniuma, alicheka kwa adabu kisha akakohoa kwa sababu amecheka.

Jioni moja alinifuata nikipima hamira.

"Adeer," akaniambia. Unajua adeer ni baba mdogo kwa lugha yao, hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Adeer, kifua yangu inawaka. Fungua dirisha ya nyuma kidogo, wallahi kidogo tu."

"Ufungue askari watufungue vichwa?"

"Ile ya nyuma inaangalia ukuta ya ua. Mwanga haitoki. Nimeangalia kutoka nje."

Alikuwa amesema kweli. Dirisha lile linatazama ukuta mtupu, hata leo. Nikakosa kisingizio cha askari, nikachukua kingine.

"Upepo utaharibu unga," nikamwambia. "Unga uliokandwa ukipigwa na upepo hauumuki."

Mwende, hapa ni Garissa! Unga hapa unaumuka ukiutazama tu. Yule aliyenifundisha kazi alikuwa ameoka kwenye baridi ya Limuru, na huko ni kweli unga unaogopa upepo, unafunikwa blanketi kama mtoto. Mimi nikaibeba ile sheria ya baridi nikaileta kwenye joto hili, nikaitukuza. Niliulinda unga usipate mafua, watu nikawaacha.

Kisha lori la unga likakosa kuja. Barabara ya kutoka Thika ilikuwa na mabomu ya kuzikwa, msafara ukazuiwa, tukakaa bila kazi. Tanuri likapoa. Mchana tukawa tunakaa kivulini uani, tunapiga soga na kulaumu serikali kwa sauti ya chini. Na hapo, mwanangu, Mungu aliniwekea jambo mbele ya macho hata mwanafunzi aliyekimbia darasa la tatu angelisoma. Hakuna unga, hakuna kikohozi. Mutua kimya. Mimi kimya, kifua kama cha mtoto mchanga. Tulikuwa tumepona wote.

Dubow anakohoa.

Alikuwa amejifunika shuka kwenye jua lile, anatetemeka, kisha analowa jasho. Shingo imekuwa nyembamba, shati linamning'inia. Mutua akanigusa kwa kiwiko: "Nyapara, unga umekwisha lakini Redio bado inatangaza."

Nilicheka kuliko wote. Nataka ulijue hilo hasa. Sikucheka kwa kutojua. Nilijua wakati ule ule. Nilisema moyoni, kikohozi cha huyu si cha unga, kisha nikacheka kwa nguvu ili nisijisikie. Maana ningelikubali, ingenibidi nifanye kitu. Ingenibidi nimwambie Bwana Awadh, naye aogope kupoteza kambi ya askari inayonunua mikate yetu. Ingenibidi nimsindikize Dubow hospitali, tupite vizuizi viwili, Mkamba na Msomali bega kwa bega siku zile, kila askari anauliza huyu ni wako? Na mikono yake ilikuwa mizuri kazini kuliko ya mtu yeyote. Nikasema, lori likija nitamwambia. Lori likaja. Nikasema, Ijumaa.

Mutua ndiye aliyeona damu. Ilikuwa kwenye kitambaa, Dubow anakikunja haraka, na Mutua akapiga yowe kana kwamba ameona nyoka. "Kifua kikuu! Nyapara, ametuua huyu!" Wote wakatoka nje. Jua linakaribia kuzama, watu wanarudi kutoka sokoni, wanasimama kuangalia.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angesema, Dubow, baba, njoo tukae pembeni. Mimi nilichukua fimbo. Sikutaka kuugusa mkeka wake kwa mkono, nikauinua kwa ncha ya fimbo, nikautupa mchangani. Nikachukua kikombe chake cha bati, kile cha samawati alichonywea chai yako, nikakiponda kwa jiwe mbele ya watu. Nikasema kwa sauti, hao wote wakisikia: "Huyu ana kifua kikuu. Msimkaribie."

Hakunitukana. Aliniambia, "Adeer, jua inazama. Nitalala wapi?"

Nikamwambia, "Si hapa."

Kisha tukaingia ndani, mlango ukafungwa kwa nje kama kawaida, tukaoka. Najua unafikiria mikate ile. Nami niliifikiria, na niliiuza. Baadaye daktari aliniambia ugonjwa huu hausafiri kwa mkate wala kwa kikombe, unasafiri kwa pumzi, mtu akikohoa kwenye chumba kilichofungwa na wengine wakaivuta hewa ile. Sasa hebu nipime baba yako. Nilivunja kikombe ambacho hakikuwa na kosa, na dirisha nikaliacha limepigiliwa misumari.

Dubow usiku ule alijificha kando ya mto. Kibali chake cha kukaa mjini kilikuwa ni ile kazi ya bekari. Asiye na kazi hakuwa na la kuwaonyesha askari. Walimwokota pamoja na wengine, wakapandishwa lori kwenda upande wa Bura, kwenye kile kijiji cha kuzungushiwa miiba ambako watu waliwekwa walindwe, au wachungwe, chagua neno mwenyewe. Huko akalala kibandani na watoto wa watu, anakohoa. Sijui ni wangapi waliivuta pumzi ile. Hilo ndilo linaloniamsha, wala si lile jipu la uongo.

Mimi nilianza kulowa shuka baada ya muda. Mama yako akasema ni joto. Mkanda wangu nikauongezea matundu kwa msumari, na msumari wenyewe, nisikufiche, ulikuwa wa aina ile ile. Nikaenda hospitali kwa siri. Na hapa sikiliza tofauti: mimi nilikuwa na barua ya tajiri na sura ya mtu wa bara, nikapita vizuizi vyote napigiwa saluti ya mzaha, "Mzee wa mikate, unakwenda wapi?" Wakanikohoza kwenye kikopo, wakaona walichokiona, wakaanza kunitoboa. Makalio haya ni chujio, mama, ungeweza kuchujia chai.

Dresa, yule msaidizi wa daktari aliyenichoma sindano, aliniuliza, "Mzee, unafanya kazi na nani?"

Nikamwambia, "Peke yangu."

Ndiyo. Nilisema hivyo. Nilikuwa na wewe nyumbani, na mama yako, na Mutua anakohoa kando yangu usiku kucha, nikasema peke yangu, kwa sababu niliwahi kuona jinsi mtu mwenye ugonjwa ule anavyofanyiwa mbele ya watu. Niliyaona kwa karibu sana. Fimbo nilikuwa nimeishika mimi.

Mutua ndiye aliyenivunja. Lori lilichelewa tena, tukakaa tena kivulini, na safari hii mimi nilikuwa kimya kwa sababu ya dawa, na yeye akawa anakohoa. Hakuna unga. Aliniangalia kwa macho makubwa. Hakuna aliyetania. Nikamwambia, "Twende." Akasema, "Wapi?" Nikamwambia, "Nilikokwenda mimi." Tukaenda pamoja, na nikamwambia dresa kwamba nilimdanganya, naye akaniita jina ambalo siwezi kumwandikia binti yangu lakini lilinifaa. Ile siku niliyowapeleka wewe na mama yako na kuwaambia serikali inataka kuwapima watu wote vifua, serikali haikujua lolote. Nilikuwa mimi. Nilikaa nje ya mlango ule nikisubiri majibu yako, na sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni. Ulipotoka ukasema, "Wamesema niko sawa, mbona unalia?" nikakwambia ni vumbi.

Jioni ile nilikwenda na nyundo nikang'oa misumari ya dirisha la nyuma. Upepo ukaingia. Unga ukaumuka vizuri tu, mpumbavu ni mimi.

Sasa wewe kesho unapanda msafara kwenda Thika, kwenye kiwanda cha nguo. Sijawahi kukiona, lakini nimeambiwa pamba inaruka hewani kama unga wetu, na wasichana wamejipanga bega kwa bega. Basi nakuapia watakuwa na jina lao. Watakiita kikohozi cha pamba, na watakupigia makofi siku utakapokohoa mara ya kwanza. Cheka nao, sikukatazi, uchoyo wa kicheko ni ugonjwa mwingine. Lakini siku ya mapumziko, pamba ikiwa imelala, sikiliza ni nani bado anakohoa. Angalia ni nani nguo zake zinampwaya mwilini, ni nani anaamka amelowa, ni nani ameanza kukunja kitambaa haraka. Na ikiwa ni wewe, mama, usiniandikie habari za jipu. Nenda. Dawa ipo, mimi ni mzima nakukera hapa kwa sababu ya dawa, ila haipendi kuachwa katikati, hata ukijiona umepona.

Na akiwa ni mwenzako, usilipigie kelele jambo lake. Mwambie mkiwa wawili. Fuatana naye, mkae kwenye pembe ya kibaraza cha hospitali penye hewa, aweke kitambaa mdomoni, wala hutakufa kwa kumsindikiza. Nyapara akikuuliza yuko wapi, mwambie anarudi, na uitetee nafasi yake asikute mtu mwingine amesimama pale. Nimefikiri sana, na naona hapo ndipo nilipomuua Dubow nusu. Ugonjwa ulimpata bekari, mimi nikamnyang'anya kazi iliyokuwa kibali chake cha kuifikia dawa.

Nilisema nusu, kwa sababu yu hai. Dereva wa lori la unga alimwona. Daktari aliyepita kule kijijini alimtoa, akapelekwa bara, na sasa yuko wodi ya kifua ya hospitali huko huko Thika unakokwenda. Nilimuuliza dereva, "Alisema nini juu yangu?" Nilijikaza nipokee tusi langu. Akasema, "Aliuliza tu, adeer bado anaoka?"

Tusi lingekuwa jepesi.

Sasa, Mwende, una deni langu. Usijifanye umesahau. Ulipoichoma kanga mpya ya mama yako kwa pasi ya makaa, nani alisema ni yeye? Nani alikula ugali mkavu huku mama yako hamsemeshi mpaka mvua iliponyesha? Sijawahi kukudai. Leo nadai.

Kwenye kikapu chako, chini ya viazi, kuna mkate umefungwa kitambaa cheupe. Si wako, usiuguse njiani. Nimeuacha tanurini ukaungua kona moja, makusudi. Siku yako ya kwanza ya mapumziko uupeleke kwa Dubow. Utakuwa umekauka kama tofali, atauchovya kwenye chai. Umwite Dubow, usimwite lile jina jingine. Mwambie ngamia ulikuwa uongo wangu. Usiniombee msamaha, hiyo ni kazi yangu na nitaifanya kwa miguu yangu nikipata nafasi msafarani. Asipoupokea mkate, uule wewe mwenyewe, lakini usiondoke.

Angalia kwanza dirisha lililo karibu na kitanda chake. Kama limefungwa, mfungulie. Likikwama, sukuma kwa bega, na likizidi kukwama ita mtu mkusaidiane. Aliniomba kidogo tu.

Baba yako,
mzee wa mikate